Mgeni Ulingoni: Niliyojifunza Katika Ngumi za Kulipwa za Uzani Mwepesi

Niliingia ngumi za kulipwa nikiamini kwamba kazi yangu ilikuwa kupiga na kukwepa, na kwamba mengine yote yangeshughulikiwa na watu wengine. Nilipotoka nilikuwa nimekwisha kutambua kuwa mapambano yangu mengi yaliamuliwa kabla ya kengele kupigwa: kwenye mizani, kwenye mkataba ambao mara nyingine haukuwapo kabisa, na kwenye simu fupi kati ya watu wawili ambao hawajawahi kuniona nikifanya mazoezi. Nawaandikia vijana wa Muthurwa, Kariobangi, Mathare na Jericho hapa Nairobi wanaopiga gunia kila jioni wakiwaza siku ya kulipwa. Nawalenga hasa wa uzani mwepesi, ule wenye kikomo cha kilo 61.2, kwa sababu ndio uzani wangu, na kwa kuwa vijana wa kimo chetu wamejaa humo, promota hakosi mtu wa kuziba pengo lako.

Ngumi nilijifunzia katika ukumbi wa jamii wa Eastlands ambao mchana ulikuwa wa vikao vya kina mama na mikutano ya harusi, na jioni ukawa wetu. Hatukuwa na ulingo wa kudumu. Tulichora mraba sakafuni kwa chaki, na magunia mawili yaliyoning'inizwa kwenye vyuma vya paa yakatutosha kwa zamu. Kocha wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alipenda sana historia, na kabla ya kuturuhusu kuvaa glavu alitukaririsha medali: Philip Waruinge na fedha ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Samuel Mbugua na shaba ya uzani mwepesi katika michezo hiyo hiyo, na Robert Wangila na dhahabu ya Seoul mwaka 1988, ambayo hadi leo ndiyo dhahabu pekee ambayo Kenya imewahi kupata katika ngumi za Olimpiki. Jina la Mbugua lilinikaa moyoni kwa sababu ya uzani wake. Nilijiambia kwamba kama Mkenya wa kilo zangu alisimama jukwaani Munich, mimi nami naweza kusimama mahali fulani.

Kwa bondia wa ridhaa mwenye kipaji, mlango wa riziki nchini umekuwa kwa miaka mingi ni timu za vikosi: Polisi, ambao timu yao huitwa Chafua Chafua, Magereza na Jeshi. Anayeingia huko hupata mshahara, matibabu, na kazi ya kuendelea nayo mikono ikichoka. Mimi nilipata nafasi ya kujaribiwa na timu ya kikosi kimoja, nami nikaiacha ipite kwa sababu rafiki yangu alikuwa ametoka kulipwa noti taslimu baada ya pambano la raundi nne, na nilikuwa nimeziona noti hizo kwa macho yangu. Mzee aliniita pembeni.

"Kijana wangu," aliniambia, "mshahara haupigwi nokauti."

"Ni kweli, Mzee," nilimjibu, "lakini nahisi wakati wangu ni huu."

Hakubishana nami tena, na alinifuata katika ngumi za kulipwa ingawa hakuzipenda. Yeyote anayesoma haya akiwa na barua ya kikosi mkononi, ushauri wangu ni kwamba akaripoti kwanza, kisha maswali ya kupigana kwa malipo ayaulize akiwa ndani. Akiwa nje, hakuna tena wa kumuuliza.

Tofauti ya michezo hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye runinga. Katika ridhaa unapigana raundi tatu za dakika tatu, na kwa uzani wetu unavaa glavu za aunsi 10. Katika ngumi za kulipwa unaanza na raundi nne, kisha unapanda hadi sita, nane, kumi, na 12 kwa mikanda mikubwa, nazo glavu ni za aunsi 8, kwa hiyo ngumi ileile uliyozoea kuipokea hufika na mfupa zaidi. Mwendo wangu wa ridhaa, wa kurusha ngumi nyingi mfululizo ili niwavutie majaji, uliniacha bila pumzi kufikia raundi ya nne. Ilinibidi kujifunza upya kusimama, kutumia jebu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, kama kazi ya kila sekunde, na kupiga mwili mapema ili malipo yake niyapate baadaye. Kijana anayetoka ridhaa asikubali pambano la raundi sita kabla hajafanya raundi nane za sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, akiwa na wapinzani wapya wanaoingia kila baada ya raundi mbili.

Leseni yenyewe, inayotolewa na tume inayosimamia ngumi za kulipwa nchini, si ghali. Vinavyoumiza ni vipimo. Utatakiwa kupima damu kwa ajili ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C, kupima macho, kupimwa moyo na shinikizo la damu, na mara nyingi kupigwa picha ya ubongo. Picha hiyo peke yake ilinigharimu zaidi ya nilicholipwa katika pambano langu la kwanza, nami nililalamika kwa wiki nzima. Leo ningeilipia mara mbili, kwa maana picha ya ubongo ambao haujapigwa ndiyo ambayo daktari atahitaji kuilinganisha na ile ya baadaye, siku utakapoanza kulalamika juu ya kichwa. Hifadhi nakala nyumbani, usimwachie meneja peke yake.

Mapambano ya kwanza hapa Nairobi yalikuwa katika kumbi ndogo, na malipo yalikuja kwa namna ambayo vijana wengi hawaitarajii. Ulipewa tiketi uwauzie watu wa mtaa wako, nayo sehemu ya mauzo ndiyo ikawa malipo yako au sehemu kubwa ya malipo hayo. Maana yake ni kwamba wiki ile ambayo ungepaswa kulala mapema, unazunguka kwenye vibanda vya kinyozi na steji za matatu ukiwaomba watu wanunue tiketi, na nusu yao wanakuahidi kwamba watatuma pesa jioni. Sina ubaya na utaratibu huo, kwa sababu promota mdogo naye anahangaika kulipia ukumbi, ulingo, daktari na gari la wagonjwa. Ila mkabidhi ndugu au rafiki kazi hiyo, mlipe kiasi fulani, na wiki ya mwisho usiguse tiketi.

Sasa nije kwenye mizani. Nikiwa sina pambano nilikuwa na kilo 68. Kufika 61.2 kulimaanisha kuacha karibu asilimia 10 ya mwili, na sababu ya kufanya hivyo ilikuwa ileile ambayo kila bondia ataitoa: katika uzani unaofuata, wa kilo 63.5, watu ni warefu na mikono yao ni mirefu. Kile ambacho hatukijadili jimuni ni kwamba hata yule wa kilo 61.2 unayekwenda kukutana naye amefanya hivyo hivyo, kwa hiyo faida unayoikimbilia mara nyingi haipo, na mnachobaki nacho ni watu wawili wenye kiu.

Katika ridhaa mambo yalijizuia yenyewe kwa kiasi fulani, kwa sababu ulipimwa asubuhi ya siku ya kupigana na hukuweza kukausha mwili mno. Katika ngumi za kulipwa unapimwa siku moja kabla, na pengo hilo la saa 24 au zaidi ndilo linalowashawishi watu kucheza na hatari. Nilikimbia Barabara ya Jogoo alfajiri nikiwa nimevaa mfuko wa plastiki chini ya sweta mbili. Nilitafuna barafu badala ya kunywa maji. Nilitema mate katika chupa mchana kutwa, kazi ambayo haina heshima yoyote, hasa ukiwa umekaa ndani ya matatu. Usiku wa mwisho nilijifungia bafuni kwenye maji ya moto hadi miguu ikakosa nguvu, na mara moja mke wangu alinivuta nje kwa mabega. Mizani ikisoma vizuri, kila mtu alinipongeza, kana kwamba hilo ndilo pambano.

Jina la Duk-koo Kim wa Korea Kusini linapaswa kujulikana na kila bondia wa uzani huu. Tarehe 13 Novemba 1982, mjini Las Vegas, alipigania mkanda wa ubingwa wa dunia wa uzani mwepesi wa shirika la WBA dhidi ya Ray Mancini. Kabla ya siku hiyo alikuwa ametaabika sana kupunguza kilo. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya 14, akazimia, na akafariki siku chache baadaye kutokana na kuvuja damu ubongoni. Kifo hicho ndicho kilichoifanya WBC, shirika jingine la ngumi, kushusha raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Sisemi kwamba ni kiu iliyomuua. Nasema kwamba madaktari wa michezo wanaonya juu ya kupigwa kichwani mwili ukiwa umepungukiwa maji, na kwamba kilo unazozirudisha kwa kunywa lita kadhaa jioni ile hazimaanishi kuwa viungo vyote vimerudi katika hali yake.

Nilikuja kubadili utaratibu baada ya miaka kadhaa, kwa msaada wa mwanafunzi wa masuala ya lishe aliyekuwa akija kufanya mazoezi kwetu. Aliniambia kwanza nisiruhusu uzani wangu wa kawaida kuvuka kilo 65, hata kama sina pambano, na nusu ya taabu ikaisha hapo. Pili alinitaka nishuke taratibu kwa wiki nane, si kwa siku tano. Chakula hakikuwa cha kitajiri: ugali wa kipande kidogo, sukuma wiki kwa wingi, mayai, maharagwe, na omena, ambayo ni protini ya bei nafuu kuliko unga wowote wa kopo unaouzwa mjini. Wiki ya mwisho nilipunguza chumvi na vyakula vinavyokaa tumboni, kwa hiyo githeri niliiaga. Baada ya kupimwa, nilikunywa maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, yale ya pakiti yanayouzwa kwa duka la dawa kwa ajili ya watoto wanaohara, kidogo kidogo, kisha uji mwepesi, ndizi, na wali baadaye. Mwenzangu mmoja alitoka kwenye mizani akaenda moja kwa moja kwenye chipsi na kuku. Usiku huo hakulala, na kesho yake alipigana akiwa na tumbo linalounguruma.

Ikiwa huwezi kufika kilo 61.2 bila kujikausha kwa siku tatu, wewe si bondia wa uzani mwepesi, hata kama ulikuwa hivyo ukiwa na miaka 20. Panda. Mimi nilichelewa kupanda kwa sababu orodha ya viwango ilikuwa na jina langu katika uzani ule na niliogopa kuanza upya.

Jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema kuliko yote ni maana ya kuwa mgeni. Kila pambano lina mwenyeji na mgeni. Mwenyeji ndiye aliyeuza tiketi, ndiye mwenye mkataba na promota, na ndiye ambaye picha yake ni kubwa kwenye bango. Mgeni huletwa ili mwenyeji apate mtu wa kumshinda, lakini mtu mwenye jina la kutosha ili ushindi uonekane una uzito. Bondia wa Nairobi anayejua kupigana, asiye na promota mkubwa nyuma yake, hupendwa sana kama mgeni. Hakuna anayekwambia upoteze, na mimi sikuwahi kuombwa. Mazingira yenyewe ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Simu huja ukiwa huna kitu mfukoni, zikiwa zimebaki siku chache, kwa kuwa mgeni wa kwanza ameumia au ameghairi. Unaulizwa una kilo ngapi, nawe unasema 63 huku ukiwa na 66. Safari zangu za kwanza za namna hiyo zilikuwa za Dar es Salaam, kwa basi kupitia Namanga, na somo la kwanza lilikuwa la makaratasi: kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani, na tume ya nyumbani inapaswa kukupa barua ya kukuruhusu kupigana nje. Ukisafiri bila barua hiyo, ukiumia hakuna ofisi itakayokiri kwamba ilijua ulipo. Somo la pili lilikuwa la hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ina ubaridi. Wengi wetu tunajisifu kwamba mapafu yetu ya nyanda za juu yatatubeba pwani. Mapafu hayakuwa tatizo. Joto na unyevunyevu wa pwani vilininyonya maji niliyokuwa nimeyarudisha, na kufikia raundi ya tano mikono ilikuwa mizito mno. Nenda siku nne au tano mapema, na kama promota hataki kulipia siku hizo, zijumlishe katika bei yako.

Somo la tatu ni mizani ya ugenini. Niliwahi kufika kwenye ukumbi wa kupimia nikiwa na uhakika wa kilo 61, nikakuta mizani yao inasoma 61.7, nikapewa saa mbili za kuikimbia hiyo nusu kilo juani. Mpinzani wangu, aliyekuwa amepimwa kabla yangu, alikuwa amekaa kivulini akinywa maji ya madafu. Baada ya hapo nilibeba mizani yangu ndogo kila nilipokwenda, na jambo la kwanza nilipofika lilikuwa kuomba kusimama juu ya mizani rasmi ili nijue tofauti ya hizo mbili. Waliokataa ombi hilo walinieleza mengi kwa kukataa kwao.

Watu wa Dar wenyewe walinipokea vizuri kila mara, na watazamaji wao wanaijua ngumi kuliko wetu. Wanashangilia jebu nzuri hata ikiwa ya mgeni. Uamuzi wa majaji ni jambo jingine. Raundi hupewa pointi 10 kwa aliyeshinda na kwa kawaida 9 kwa mwenzake, na raundi inayokaribiana, kwenye ukumbi unaolipuka kila mwenyeji anapogusa glavu, huegemea upande wa kelele. Sikuibiwa kila niliposhindwa. Mapambano mengine nilishindwa kabisa, na rekodi za video zipo kunisuta. Lakini bondia anayekwenda ugenini akitarajia kushinda kwa raundi zinazokaribiana anajidanganya. Ni lazima ushinde raundi kwa namna ambayo hata anayekuchukia ataona haya kuipinga, la sivyo fanya hesabu zako ukijua kwamba unauza hasara, yaani kushindwa kunakoingia katika rekodi yako, na uiuze kwa bei inayofaa.

Rekodi hiyo ndiyo inayoamua simu inayofuata. Wanaopanga mapambano duniani kote huangalia matokeo kwenye mtandao kabla ya kukuita, na hasara zikishakaribiana na ushindi, unakuwa jina salama: wanajua utasimama, utavumilia, na utashindwa kwa pointi. Ilipofika hapo nilianza kupata kazi nyingi zaidi kuliko nilipokuwa nashinda. Nilidhani ni maendeleo.

Kazi ya mwisho ya namna hiyo ilikuwa katika jiji moja la Ulaya. Nilifika jioni ya kabla ya kupimwa, nikiwa nimesafiri usiku kucha, bila Mzee, kwa sababu tiketi ilikuwa moja. Kona yangu ilikuwa na mtu niliyekutana naye chumba cha kubadilishia nguo, mwema, lakini hatukuwa na lugha moja ya kuelewana upesi. Katika raundi ya tano nilipigwa ngumi ya kushoto ambayo siikumbuki. Ninachokumbuka ni taa za dari na refa akipunga mikono. Daktari alinimulika machoni, akaniuliza jina, nikalijibu, nikaambiwa niko sawa. Kesho yake nilipanda ndege.

Nyumbani sikumwambia mtu kwamba kichwa kilikuwa kinauma mfululizo. Mke wangu ndiye aliyeligundua jambo.

"Baba Amani," aliniambia jikoni, "umeniuliza swali hilo hilo asubuhi, nami nikakujibu."

Nilikasirika, na hasira ile nayo, kama daktari alivyonieleza baadaye, ilikuwa mojawapo ya dalili. Tulikwenda kupiga picha ya ubongo, ikalinganishwa na ile ya zamani niliyokuwa nimeilalamikia, na kwa bahati hakukuwa na damu iliyovuja. Nilipigwa marufuku ya kupigana wala kufanya sparingi kwa miezi mitatu. Tume nyingi huamuru mapumziko ya lazima baada ya nokauti, mara nyingi kati ya siku 30 na 90, lakini sparingi ya jimuni haina anayeihesabu, na hapo ndipo vijana wetu wanapoumia mara ya pili kabla ya kupona mara ya kwanza. Mzee alisimama mlangoni mwa ukumbi akanikataza kuvaa glavu hata kwa mzaha. Alinikumbusha kwamba Wangila, yule wa dhahabu ya Seoul, alifariki mwaka 1994 kwa majeraha ya pambano mjini Las Vegas akiwa na umri wa miaka 26. Alikuwa akilitaja jina hilo kwa fahari miaka yote. Siku hiyo alilitaja kwa sauti nyingine. Dalili za kutazama baada ya nokauti ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kusahau, mwanga kuumiza macho, na hasira ya ghafla. Mtu wa kuzitazama ni yule unayeishi naye, kwa hiyo mwambie mapema anachopaswa kutafuta. Bondia mwenyewe atasema yuko sawa.

Kuhusu fedha, nitatoa mfano mmoja tu ambao unafanana na mingi. Niliahidiwa shilingi 100,000 kwa pambano la raundi nane. Meneja alichukua robo, yaani 25,000. Kocha alichukua sehemu ya kumi, 10,000, na hiyo sikuwahi kuionea uchungu. Vipimo na makaratasi vilimeza 12,000, na chakula na nauli za mazoezi kwa miezi miwili vikawa 15,000. Zilizobaki, 38,000, ndizo zilizokuwa mshahara wa miezi miwili ya kupigwa. Wakati huo huo nilikuwa nikiwafundisha wafanyakazi wa ofisini ngumi za mazoezi katika jimu moja ya Kilimani, watu ambao hawana nia ya kumpiga mtu, na kazi hiyo ya asubuhi tatu kwa wiki ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba mwaka mzima. Kila bondia ninayemjua aliyemaliza bila madeni alikuwa na kazi nyingine ya namna hiyo. Anzisha mapema, ukiwa bado unashinda, kwa sababu wateja hupenda kufundishwa na bondia aliye kwenye bango.

Mkataba nao uandikwe hata kama ni ukurasa mmoja. Uonyeshe kilo za pambano, idadi ya raundi, kiasi cha fedha baada ya makato na sarafu yake, siku ya kulipwa, nani analipia matibabu ukiumia, na kinachotokea mpinzani akibadilishwa au akizidi uzani. Nusu ya fedha iingie kwenye simu yako kabla ya kusafiri. Tiketi ziwe mbili, yako na ya mtu wa kona yako, na usikubali kamwe kuiacha ile ya pili. Mkataba wa meneja usizidi muda unaoweza kuuvumilia bila kazi, na uwe na kifungu kinachokuacha huru asipokutafutia mapambano kadhaa kwa mwaka. Mimi niliwahi kukaa karibu mwaka mzima bila kupigana kwa sababu ya karatasi niliyoitia sahihi juu ya boneti ya gari. Na bima ya afya ya taifa, SHA, ilipie kila mwaka, hata kama hakuna pambano linalotazamiwa, kwa sababu mazoezi pia huvunja mikono.

Siku hizi nasimama kwenye kona pamoja na Mzee, ambaye sasa anatembea kwa bakora lakini bado anakaririsha medali. Hivi karibuni nilipigiwa simu kuhusu kijana wetu mmoja: uzani mwepesi, raundi nane, nje ya nchi, zikiwa zimebaki siku tisa. Kijana alikuwa na kilo 66. Niliuliza kuhusu tiketi ya pili, nikaambiwa haipo. Niliuliza kuhusu kilo 63.5, nikaambiwa mwenyeji hapandi. Nikakataa, na aliyenipigia hakukasirika. Alisema atampata mwingine, na naamini alimpata usiku huo huo. Kijana alininunia kwa sababu alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na juu ya kodi sikuwa na jibu la maana. Nimempatia zamu za asubuhi Kilimani, na tumekubaliana na promota mmoja wa hapa hapa Nairobi juu ya pambano la raundi sita kwa kilo 63.5, wiki nane kutoka sasa. Malipo ni kidogo kuliko yale ya nje. Malipo ya awali yameingia, na jina la daktari wa ulingoni limeandikwa kwenye mkataba.